Gari Lisilotaka Mguu wa Kushoto

Jumapili, 12 Machi 1972

Baba mdogo Amuri amekuja tena. Hakukaa. Alisimama mlangoni akazungumza na pazia, maana Mama yuko eda na hatoki nje mpaka mwezi wa sita. Amepata kamioneti Bujumbura, lori dogo la kununua, anasema. Ataiendesha mwenyewe, atapeleka mawese yetu sokoni, na kila mwezi atatukumbuka. Atatukumbuka! Tangu tumzike Baba ametukumbuka kwa mkungu mmoja wa ndizi.

Mama alisubiri Baba mdogo aondoke. Kisha akaniambia anataka gari atakaloliendesha yeye. Nilidhani ni homa. Mguu wake wa kushoto ni mwembamba kama mkono wangu, haujakanyaga kitu kwa nguvu tangu utoto wake. Lakini nakumbuka yeye na Baba wakiendesha lori pamoja kwenye barabara ya Kizuka — Baba akikanyaga, Mama akishika usukani. Anasema mikono inajua. Kilichobaki ni mguu.

Baba mdogo akishika usukani, biashara ni yake. Na mimi shule basi. Ameshasema: msichana aliyefika darasa la sita amefika.

Jumanne, 14 Machi

Baada ya darasa nilimuuliza Mwalimu Hyacinthe kama duniani kuna gari lisilo na ambreyaji, ile pedali ya kushoto inayokanyagwa kila ukibadilisha vitesi, yaani gia. Nilijiandaa kuchekwa. Hakucheka. Yapo, akasema, huitwa otomatiki, na Bujumbura Wazungu wachache wanayo.

Nilipomweleza ni la nani, alifuta ubao polepole, akageuka. "Usiulize kama ni zuri. Kila anayeuza atakwambia ni zuri. Uliza ni wapi lilikwenda likashindwa kurudi."

Akanifundisha na hesabu ya esanse. Jaza tangi, nenda safari unayoijua, jaza tena. Ulichoongeza ndicho lilichokunywa. Mama amenifanya nirudie maswali yote mara nyingi mpaka ugali ukashika chini ya sufuria. Yeye hawezi kwenda kuangalia gari. Nitaenda mimi, na Baba mdogo awe mwanamume wa kusimama karibu. Amekubali — ili anione nikishindwa, nadhani.

Jumatatu, 3 Aprili

Likizo ya Pasaka. Tulipanda lori la ndagala, dagaa wa ziwani. Baba mdogo hakunisemesha njia nzima; tulipofika Kabezi alinunua mhindi wa kuchoma, akala peke yake.

Gari la kwanza ni la Mgiriki muuza vitambaa. Ni otomatiki, kubwa, zuri, viti vya ngozi. Lingebeba mapipa yetu yote ya mawese. Nikauliza swali la Mwalimu. Mgiriki akacheka, gari lake halijashindwa popote. Mke wake, aliyekuwa anakunja vitambaa, akasema neno moja kwa lugha yao, na kicheko kikaisha. Tulizunguka mtaa mmoja tu. Niliutazama mshale wa esanse nikaona unashuka. Labda niliota.

La pili ni la Mademoiselle mmoja wa Ubelgiji, mwalimu, anarudi kwao. Gari dogo, rangi ya maziwa, limefunikwa nyuma. Halina vitesi kabisa! Kijiti kimoja tu: mbele au nyuma. Chini kuna mikanda miwili ya mpira kama ya mashine ya kusaga. Nilipomuuliza, alifikiri. Akanijibu kwa Kifaransa cha polepole, kama kwa mtoto, lakini bila dharau: mlima wa Bugarama, wakati wa mvua, mkanda uliteleza akalala parokiani. Barabara ya ziwa? Hapo halijawahi kumwacha. Esanse linakunywa kama ndege. Ila mikanda ikiisha, mingine hutoka Ulaya.

Nilimwamini kwa sababu alinitajia ubaya wake.

Baba mdogo alilipiga teke gurudumu. Hili ni gari la vilema, akasema. Mademoiselle hakuelewa. Mimi nilielewa.

Jumatano, 5 Aprili

Mama alisikiliza amefumba macho, mdogo wangu Biasha amelala mapajani kwake. Biasha hajafika hata miaka mitatu, hajui Baba amekwenda wapi. Nikaeleza yote. La Mgiriki litabeba mengi, lakini tutalifanyia kazi sisi badala ya lenyewe kutufanyia. Dogo litabeba mapipa machache, na njia yetu ni ya ufukweni, haina Bugarama.

"Wewe ungechukua lipi?"

Nikasema dogo. Akasema basi.

Yeye hajaliona. Nikikosea nimewakosea wote wawili.

Jumapili, 16 Aprili

Liko uani! Dereva wa Mademoiselle alilileta jana. Nikapiga hesabu ya safari ya Bujumbura mpaka hapa, Mwalimu akaikagua, akasema hata yeye hakutegemea kidogo hivyo.

Mama hawezi kutoka uani, basi anajifunza humo humo. Mbele mpaka kwenye mapipa. Nyuma mpaka kwenye ukuta. Mbele. Nyuma. Mguu wa kushoto umekaa pembeni kama mgeni. Majirani wanachungulia. Bibi Esha wa nyumba ya pili amepaza sauti juu ya ukuta, anauliza kama huko kwa marehemu kuna safari ya Makka, maana anasikia watu wanaondoka tangu asubuhi na hawafiki. Mama alicheka! Sijamsikia akicheka tangu msiba.

Baba mdogo amealikwa ajaribu. Kakataa hata kufungua mlango.

Jumapili, 30 Aprili

Siwezi kuandika vizuri. Jana walikuja watu na mapanga. Kuna waliouawa karibu na soko. Tumefunga milango. Biasha nimemziba mdomo na kanga.

Jumamosi, 6 Mei

Wale wa mapanga wamekimbia au wamekufa. Sasa ni wanajeshi. Watu walifikiri watapumua. Lakini majina yanasomwa, na wanaosomwa wanapandishwa malori. Shule imefungwa. Duka la esanse limefungwa. Mitumbwi mingi imevuka ziwa.

Baba mdogo anakuja kila siku sasa, analeta unga. Hasemi kitu kuhusu biashara. Anakaa kizingitini tu, mgongo kwetu, uso njiani.

Jumatano, 10 Mei

Mwalimu Hyacinthe amechukuliwa. Niliona mwenyewe kwenye tundu la lango. Alikuwa amevaa koti lake la darasani, amefungwa mikono. Lori halikuwa la jeshi. Lilikuwa la Mhindi wa nguo, na dereva wake wa kila siku ndiye aliyekuwa kwenye usukani, analia na kuendesha. Wanachukua magari ya watu, Baba mdogo kaeleza. Gari pamoja na dereva wake.

Mama aliuliza nyuma ya pazia wanawapeleka wapi.

"Shemeji, malori yanarudi matupu," Baba mdogo akasema.

Siandiki zaidi.

Ijumaa, 12 Mei

Wamekuja. Wanajeshi wanne na mkubwa wao, saa ya kutoka msikitini. Walilizunguka gari. Mkubwa akauliza: "Hii gari iko ya nani? Dereva iko wapi?"

Mama alikuwa ndani, nyuma ya pazia. Nilisikia gongo lake la kutembelea likigusa sakafu mara moja. Anataka kutoka, nikajua. Akitoka, kesho atakuwa analia na kuendesha.

"Dereva ni mimi," akasema Baba mdogo.

Hajawahi kuketi ndani yake! Aliingia, akawasha, akasukuma kijiti mbele. Mguu wake wa kushoto ukatafuta ambreyaji, kama miguu yote iliyozoea. Haikuwepo. Ukakanyaga breki kwa nguvu zote. Gari likaruka, likasimama, paji la uso wake likagonga kioo. Akajaribu tena. Ikawa vile vile. Wanajeshi wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mkubwa hakucheka.

"Muzee, hii gari hukuijua. Kesho saa mbili ninarudi. Nikute dereva wake wa kweli. Nikimukosa, ninabeba wewe. Na hawa watoto."

Wakaondoka. Baba mdogo alibaki kwenye kiti, damu inamtiririka kwenye nyusi. Kisha akaja karibu na pazia.

"Nimejaribu, shemeji."

Mama akalifungua pazia. Akalifungua kabisa, akasimama mbele yake bila kuficha uso. Hofu inamruhusu aliye eda kutoka, akasema, hakuna sheikh atakayemkataza. Amefunga mizigo miwili tu. Tutaondoka kabla ya jua, kwenda kusini. Nyanza-Lac kwa shangazi Zena, halafu Kigoma. Baba mdogo atalala nyuma chini ya magunia. Amekubali kama mtoto.

Nimetazama mshale wa esanse. Uko chini ya nusu ya nusu. Nimetafuta zilikokwenda nyingine, nikajua: mbele mpaka kwenye mapipa, nyuma mpaka kwenye ukuta. Tumezinywa humu uani, tukicheka.

Nimefanya hesabu. Inatoka kwamba zinatosha, kama barabara iko wazi, kama hatuzunguki, kama hatusimami na kuwasha tena. Nimefanya mara ya pili, ikatoka pungufu. Hakuna wa kunikagulia.

Mama ameketi kwenye usukani kupima kiti, Biasha amebanwa ubavuni. Akaniita dirishani. "Wewe ndiwe uliyelichagua, Riziki. Litatufikisha?"

Nikasema litatufikisha.

Hakuwasha. Ameweka mikono yote miwili juu ya magoti yake. Ananiuliza tena, na mara hii ananitazama machoni.