Futi Yako Mbovu

Baba,

Nimebomoa jiko lako. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu azungukezunguke, na kwa sababu limenikaa kooni.

Shule zilipofunga nilitoka Kibondo nikaja Kasulu, nikamkuta Mama anahangaika kusugua ile kaunta yako ya zege. Ilikuwa imepasuka kwenye kona na imekuwa nyeusi kwa mawese. Nikamhurumia. Nikamsindikiza kwa shangazi Rungwe Mpya akapumzike siku kumi, kisha nikamwita fundi Ezekieli. Nilitaka Mama arudi akute jiko jipya.

Fundi alipima, akatikisa kichwa. "Dada, hii iko chini mno. Aliyeijenga alikosea vipimo." Nikacheka, Baba. Nikamwambia aliyeijenga ni baba yangu, na futi yake ya kupimia ilijulikana ukoo mzima. Unakumbuka tulivyokusakama? Baba mdogo kila akija lazima aulize kama futi yako uliinunua kwenye vitu vya watoto. Nawe ulijibu lilelile miaka yote, huku unachovya tonge: "Futi yangu mbovu, niacheni."

Kubomoa kulichukua siku mbili. Ulikuwa umemwaga zege la mtu anayetaka kitu kibaki, na fundi alilalamika mpaka nondo ya mwisho. Kifusi tulikipeleka kwa toroli kwenye lile korongo nyuma ya nyumba, linalotafuna migomba kila masika. Toroli moja nililisukuma mwenyewe, nikajiona mtoto mwema.

Mama alirudi akakuta kaunta mpya ya marumaru nyeupe, imepanda shibiri nzima. Akaipapasa. "Ni nzuri, mwanangu. Asante." Basi. Kesho yake alisonga ugali mabega yamepanda hadi masikioni, mwiko uko usawa wa kifua. Siku ya tatu nikamkuta uani amepiga magoti, anakatia mboga kwenye kipande cha zege. Alikwenda korongoni peke yake akakitoa. Kilikuwa kile cha ukingoni alikokuwa akinolea kisu, kimelika mpaka kimeingia ndani.

Nikamuuliza kwa nini anajitesa. Akanipeleka jikoni, akainama chini ya marumaru yangu na kuweka kidole ukutani, penye mstari uliochorwa kwa msumari. Niliuona mstari ule siku ya kubomoa, nikadhani ni mkwaruzo tu.

"Hapo ni kiwiko changu," akasema.

Akanieleza kwamba ulimsimamisha pale na mwiko mkononi, ukamwambia asonge ugali usiokuwepo, ukachora pale kiwiko kilipofika. Watu walipoanza kucheka alitaka kuwaambia ukweli, ukamkataza. Siku zile ndugu zako walikuwa wanamwita Kigoda kwa ufupi wake, na jina hilo lilimliza. Ukamwambia, "Wakijua watapata la kusema tena. Waache waseme futi."

Baba. Miaka yote hiyo ulikula chakula chako ukichekwa, nami nikiwa mmoja wao. Nilirithi urefu wako, sikuwahi kupikia pale bila kulalamika mgongo, na sikuwahi kujiuliza kwa nini Mama hakucheka hata siku moja. Nisamehe. Naona aibu hata kuandika.

Fundi Ezekieli alirudi kanuna, kazi yake inabomolewa kabla haijazoea moshi. Akatoa futi, nikamwambia airudishe mfukoni. Mama akasimama na mwiko akasonga hewa, anajichekea kwa haya. Kiwiko kikashuka chini kidogo ya mstari wako, labda kidole kimoja, maana uzee umeanza kumpunguza. Nikataka tuchore mwingine. Akakataa. "Wa baba yako unatosha."

Kaunta mpya ya zege imeshakauka sasa. Kile kipande cha kunolea kisu tumekichomeka mwishoni, upande wa dirishani. Hakipendezi hata kidogo, na Mama hataki kiguswe.

Jana alisonga ugali wa muhogo, mabega yametulia. Baba mdogo alikuja kula, akachungulia jikoni, akaanza yake: "Hee, mmerithi na futi ya kaka?" Mama akanitazama. Nilikuwa na la kumjibu, Baba, na lilifika hadi ulimini. Nikachovya tonge.

"Futi yetu mbovu, Baba mdogo. Tuache."

Mama akainamia sahani yake, nikaona anatabasamu. Pumzika sasa. Ulichokibeba peke yako, nimeshika upande mmoja, na sitauachia.

Mwanao,
Dafroza