Mbuzi wa Ukutani

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Mtama nimevuna. Shangazi yako kahamia Singida mjini, nimebaki na kuku.

Unauliza kama uache kuandika habari za katuni, maana huna mwajiri na wasomaji wako kimya.

Ujanani nilichora katuni kwa mkaa ukutani kwetu Shelui, kisa cha mbuzi aliyeibwa, kila siku kipande kipya. Wilaya nzima ya Iramba hakuna aliyenifikia kwa kuchora. Lakini watu walipita tu bila neno, nikaudhika, nikaukandika ukuta upya. Asubuhi mama muuza uji akanifokea: "We mbishi, umemfunika mbuzi wetu hata hajapatikana. Sisi tunaopita hapa kila siku tutajuaje mwisho wake?"

Nikachora tena.

Makala zako nazisoma zote kwenye simu ya jirani, polepole, neno kwa neno. Sikuwahi kukuambia.

Ni mimi babu yako, Shelui.