Hatua Niliyoiruka

Jumatatu, baada ya alasiri

Nimeficha miaka yote hii kwamba ripoti niliyoandika nikiwa msimamizi wa mabwawa ya chumvi kule Gongoni ni ya uongo.

Leo binti yangu Zuhura, mwalimu Kilifi, alitaka nimsaidie kutayarisha somo la kuandika jinsi jambo linavyotokea na kwa nini. Nikamwambia apange hatua, na kila hatua ionyeshe imeletwa na nini.

Akaitoa ripoti ile sandukuni iwe mfano. Akaisoma, akacheka.

"Baba, na wewe! Bahari ilijaa maji makuu ya bamvua, tuta likabomoka, mlinzi Kazungu alikuwa amelala. Sasa usingizi wake ndio ulioingiza maji?"

Nikasema macho yananiuma.

Kazungu alifukuzwa kwa karatasi hiyo. Wiki jana alikuja kutoka Kakuyuni kuniangalia, na mahindi mabichi mkononi. "Shikamoo, mzee. Kifua vipi?" Sikuweza kumtazama.

Kifua hakinipi muda. Naogopa kufa kabla ya... Kesho Zuhura atampelekea Kazungu ukurasa huu.

Mlango wa kuingizia maji ya bahari mabwawani hufungwa kabla ya bamvua kupanda. Zamu ya kuufunga ilikuwa yangu, na ufunguo ulikuwa kwangu. Niliwahi harusi Mambrui, nikauacha wazi.

Kazungu hakulala. Alinifuata mbio hadi harusini kuniambia maji yanaingia, nami nikamwambia angoje nimalize kula.