Nilimtangaza Mgeni Wangu Kanisani, Sasa Wanataka Kumrudisha Kwao

Shangazi Kokubanza, shikamoo. Nisaidie, waitu, ila nakuomba unisome mpaka mwisho ndipo ucheke.

Mimi ni mzee wa usharika hapa Ijuganyondo, mwalimu mstaafu, mtu wa kuvaa suti hata nikienda kupalilia migomba, na mwaka huu nilikabidhiwa mgeni. Anaitwa Haidari, ana gazeti dogo katika nchi moja ya jirani, alichapa nyaraka za siri zilizoonyesha jinsi wakubwa wa kwao walivyouza dawa za hospitali, na tangu hapo serikali yao inataka arudishwe akashtakiwe kwa uhaini, naye ameomba hifadhi ya kisiasa kwetu. Mwanzoni alifichwa na rafiki yangu Protase, mkulima wa kahawa kule Kimwani, Muleba, aliyewaambia majirani kwamba huyu ni fundi wa pampu, basi, na hakuna aliyeuliza zaidi. Wakili wake, Joanitha, alipotaka awe karibu na mjini kwa ajili ya lile ombi, Protase akamleta kwangu na kunisihi jambo moja tu, nifunge mdomo.

Shangazi, nilijitahidi. Nilijitahidi mpaka Jumapili. Unatujua sisi Wahaya, mgeni mwenye jina akilala kwako na jirani asijue, ni kama hakulala. Nikamwambia twende kanisani, na yeye ni Mwislamu, lakini kwa adabu ya mgeni hakuweza kunikatalia, akavaa shati langu tukaenda, na zamu ya kusoma matangazo ilikuwa yangu. Ulipofika wakati wa wageni kusimama, huyu katoka Rubya kumsalimia bibi, yule kaja kwenye harusi, nikaona wangu atapotea katikati ya watu wa kawaida hivi, nikashika kipaza sauti nikasema, "Huyu ni mchapishaji mashuhuri, rafiki yangu tangu tukisoma Ulaya, anatafutwa na serikali nzima ya kwao, na amechagua kufikia kwangu." Ulaya sijafika, na Haidari nilikuwa nimemfahamu tangu Jumanne. Nikamwambia apunge mkono, akapunga, kwaya ikamwimbia wimbo wa wageni, na mimi nikajisikia kama askofu.

Mwanakwaya mmoja alirekodi, video ikazunguka kwenye simu, na wiki hiyohiyo Haidari akakamatwa. Sasa mahakama inasikiliza kama arudishwe, na upande wa pili wameonyesha ile video, wanasema mtu anayehofia maisha yake hawezi kulipungia kanisa zima. Joanitha anataka nitoe ushahidi kwamba hakuniomba nimtangaze, lakini nikishaapa wataniuliza na habari za Ulaya, nusu ya usharika watakuwa wamekaa pale, na uchaguzi wa wazee uko karibu. Nimewaza siku hiyo niende hospitali ya Rubya nikalazwe kwa presha. Mke wangu Agnetha haniandalii tena mezani, chakula ananiachia jikoni kimefunikwa. Jana aliniambia, "Baba Klaudia, itazame vizuri ile video. Ule mkono haupungi, unatetemeka." Nimeitazama, na nimeona aibu. Nifanyeje?

Nimeambatanisha picha yetu sisi wawili, ili umwone.

Mwalimu, Ijuganyondo

Marahaba, Mwalimu. Nimecheka kabla ya kufika mwisho, nisamehe. Ule mkono ndio ulionikatisha kicheko.

Pole kwa aibu, ila bado unajihurumia mwenyewe. Wewe unaogopa kuchekwa, mwenzako anaogopa kitanzi. Alikukubalia mpaka kuingia kanisani asikosali, kwa sababu alikula kwako. Wewe ukamlipa kwa kipaza sauti.

Rubya huendi. Vitanda vya pale ni vya wagonjwa. Mpigie wakili leo umwambie utakuja. Siku ya kesi suti iache kwenye kamba, na Kiingereza kiache nyumbani. Wakikuuliza ya Ulaya, sema hujafika, na hao watu wa usharika waache wacheke. Hakimu akiona wanaokufahamu wanacheka, ataelewa mara moja nani alikuwa na hamu ya kutangazwa. Agnetha naye aende, aseme alichokiona kwenye mkono ule. Uzee wa kanisa ukikosa, utapata muda wa kupalilia.

Halafu hii barua yako. Rafiki yako wa Muleba hajatajwa na mtu yeyote mpaka leo, si mahakamani, si kwenye video. Wewe umeniandikia jina lake kamili, kitongoji chake na rangi ya bati lake, wala hukuniomba nifiche chochote. Hayo majina ya watu na ya mahali yaliyoko hapo juu nimeyabuni mimi badala ya yale ya kweli, na bati nimelifuta. Ile picha, uliyomshika bega huku ukiitolea kamera meno yote, nimeichana.

Kwa hiyo mdomo bado haujafungwa, Mwalimu, na maneno ya mahakamani sikuachii uyatunge. Nakuandikia, uyakariri: "Hakuniomba nimtaje. Nilimtaja mwenyewe, kwa kuringa."

Ukishayasema, kaa chini.