Kunyonya kwa Kengele

Jumanne, 5 Machi 1957
Itangazwe kote Kadutu: leo asubuhi mimi Tambwe, mushonaji, nimekalia sindano yangu mwenyewe. Hakuna aliyekufa. Kosa ni la Colombe, mutoto wa jirani yangu Firmin. Alilia, nikaruka, nikarudi kukaa bila kutazama.
Analia sana siku hizi! Nimeuliza mama yake, Nsimire. Eti kule foyer, wanapofundisha wamama vijana kulea, Madame, mwalimu wao muzungu, amesema mutoto anyonye kwa kufuata saa. Nyumbani hakuna saa. Bwana yake akaamua: kengele ya misioni ikilia, ndipo anyonye. Kabla ya kengele — hapana!
Nisicheke. Mutoto wao wa kwanza walimuzika kule Nyangezi, hajaota hata jino. Tangu hapo Firmin anashika neno la foyer kuliko katekisimu.

Alhamisi, 7 Machi
Misioni wamezika mukubwa mumoja. Kengele tangu asubuhi! Colombe amenyonya mazishi yote, akatapika. Muchana, kimya. Amelia mpaka sauti ikakauka.
Muke wangu Almasi, Mungu amurehemu, hakujua saa. Bibi yake kule Uvira alimufundisha kitu kimoja: angalia kinywa. Mutoto akigeuza kichwa kutafuta, mupe. Jioni wamama wadogo wa jirani walikuwa wakija kwenye mukeka wake na watoto wao, wakichambua maharagwe, wakifundishwa bila kujua. Mukeka ningali nao. Umekunjwa.

Ijumaa, 8 Machi
Nimetandika mukeka barazani. "Maman Colombe, kuja unishikie kitambaa." Nikapiga cherehani kwa nguvu — hapo kengele huisikii.
"Lakini Papa Tambwe, saa nitaijuaje?"
Nikamwambia habari ya kinywa. Akacheka. Colombe amenyonya alipotaka, akalala. Baraza langu lilinuka maziwa, kama zamani.

Jumamosi, 9 Machi
Firmin ametoka kazi yake ya biro mapema, ametukuta. Kelele! Kwa muke wake: "Unataka tuzike tena?" Kwangu: "Papa, wewe shona nguo!"
Nsimire akajibu polepole: hata yule wa kwanza hakuwa wako peke yako, alikuwa wangu pia. Eti anarudi kwa mama yake kule Katana, na mutoto.

Jumapili, 10 Machi
Nsimire amekaa mbele ya nyumba yao, juu ya furushi lake. Colombe ananyonya. Kengele ya misa bado. Firmin amesimama pembeni, kofia ndogo ya sufu ya Colombe mukononi. Nimefunga cherehani, nimefungua tena. Wote watatu tunakazia macho barabara.
Jumapili lori ya Katana haitembei, na wote tunajua.