Basi la Saa Nne

Jumanne, 4 Machi

Nimekasirika mpaka kalamu inachana karatasi. Mama hakufika!

Nimeomba ruhusa, kengele ya shule nimemwachia mwalimu wa michezo — ambaye ataipiga atakapojisikia — nikaenda stendi kumpokea. Basi linatoka bandarini saa nne, linafika saa tano na nusu, ratiba ndivyo inavyosema. Nimefika saa tano, na basi la bandarini liko pale pale, tupu, kondakta analifagia. Mama hayumo. Mama mdogo aliyekuwa amlete hayumo. Na saa saba alitakiwa awe mbele ya daktari wa macho. Jicho la kulia limeshazibwa kabisa na mtoto wa jicho, la kushoto linafuata.

Nikauliza basi limetoka kule saa ngapi. Saa tatu na robo, anajibu, wala haoni haya. Kumbe hawafuati saa! Wanafuata kivuko cha ng'ambo. Honi ya kwanza, kivuko kinaingia. Honi ya pili, watu wameshashuka, basi linaondoka. Maji yakijaa mapema, kivuko kinawahi. Yakichelewa, nacho kinachelewa. Na ubao wa ratiba je? Ubao ni wa ofisini, kaniambia, na kuendelea kufagia.

Nimempigia mama. Alikuwa bado nyumbani kwake pale bandarini, viatu miguuni, mkoba mapajani. Mama mdogo alivuka kutoka kwake ng'ambo, hakumkuta kwenye basi, akashuka kumtafuta. Wakaachwa wote wawili.

"Honi niliisikia, mwanangu. Lakini wewe ulisema saa nne."

Miaka sabini anaishi na ile honi, leo kaacha kuiamini kwa sababu yangu. Nimejifungia stoo ya shule nikalia.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda hospitali kujieleza. Nesi wa macho kafungua daftari, kalifunga, kalifungua tena. Iko nafasi moja tu: Alhamisi tarehe 20, saa saba mchana. Baada ya hapo daktari anarudi kwao hadi mwakani. Na lazima ndugu mmoja alale wodini na mgonjwa. Huyo ni mama mdogo, sina mwingine. Mitihani inaanza Ijumaa tarehe 21 na kengele ya mitihani haikaimishwi. Miaka kumi na tisa ukarani, sijaipiga hata dakika moja nje ya wakati.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya tatu nalisema lile basi mezani. Mume wangu kaweka kijiko chini, kaniambia niandike barua kwa wenye basi ili wao wa nyumbani wapumzike.

Nimeandika. Kurasa nne! Kwamba saa nne ni saa nne. Kwamba umma hauwezi kupangiwa maisha na maji ya chumvi. Kwamba pawe na fomu, na kila ucheleweshaji uandikwe, pamoja na jina la aliyeusababisha. Jina kamili, nimesisitiza, maana watu hujificha nyuma ya "Mama Fulani" na "yule wa dukani". Hata mfano wa fomu nimewachorea kwa rula.

Jumatano, 12 Machi

Sikutegemea. Meneja wa mabasi kanipigia mwenyewe. Mgeni pale, ana mwezi mmoja tu, na sauti yake ni ya mtu aliyekuwa akiisubiri barua kama yangu. Kuanzia kesho basi litafuata ubao. Fomu ameipitisha kama ilivyo. Amenishukuru mara mbili.

Nimepiga kengele ya saa nane leo kwa raha zangu.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda kumwona mama, na pia, niseme ukweli wangu, kuona kazi ya mikono yangu. Tumetoka mjini saa moja kamili. Tumepita kiwanda cha sabuni, daraja la chuma, halafu ule mteremko ambapo harufu ya dizeli na mwani inakupokea kabla hujaiona bandari. Saa mbili na nusu, tumefika. Kwenye kioo cha basi kuna tangazo: kwa maombi ya abiria, basi halitangoja.

Mama kafurahi mno. Alitaka kuwaambia majirani kwamba abiria huyo ni mwanawe. Nimemsihi asiseme, si vizuri kujisifu.

Wakati wa kurudi, saa nne juu ya alama, dereva kaondoa basi. Kivuko ndiyo kwanza kinafunga kamba. Nimewaona kupitia kioo cha nyuma, kama watu thelathini na vikapu vyao, wengine wanakimbia, mmoja kainua kiatu anatupungia nacho. Basi lijalo saa nane! Nilijisikia vibaya kidogo. Halafu nikajiambia wangewahi. Kisha nikakumbuka kwamba si wao wanaoendesha kile kivuko. Nikageuka mbele.

Jumatano, 19 Machi

Nalala kwa mama leo, kesho nimpeleke mwenyewe. Fundi cherehani wa jirani alikuja kuazima mkasi. Wateja wake wote ni wa ng'ambo, tangu Alhamisi hakuna anayevuka kuleta kitambaa. Kasema angempata aliyeandika ile barua angempima kifua kwa pini. Mama akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

Mama mdogo nilimwambia avuke leo hii hii. Nimempigia mara tatu. Mjukuu ana homa, anasema, atavuka asubuhi, si basi litamsubiri? Siku zote linamsubiri. Nikamweleza upya kwamba siku hizi halisubiri. Akauliza nani kaharibu.

Alhamisi, 20 Machi

Saa nne na dakika moja. Naandika ili nisimpige mtu.

Maji bado madogo. Kivuko kinaonekana, kimesimama nje ya bandari kinangoja maji yajae. Mama mdogo yumo. Kaniambia kwa simu kwamba basi analiona. Mama kasimama hatua tano kutoka hapa, kaushika ukuta wa gati, hataki kupanda. Wodini halali bila mdogo wake. Nimembembeleza. Nimemfokea, Mungu anisamehe. Kaniambia basi linaondoka na honi ya pili, nitulie.

Nikamwendea dereva. Nikamweleza jicho, daktari, kwamba leo ndiyo mwisho hadi mwakani. Robo saa tu, nikasema. Kanisikiliza mpaka mwisho, wala si mtu mbaya. Kisha kanionyesha kwa kidole lile tangazo la kioo.

"Dada, ningengoja. Siku zote nilikuwa nangoja."

Kwa hiyo nimekaa kwenye ngazi ya mlango. Mguu mmoja ndani, mwingine chini. Mlango haufungiki. Mzee mmoja nyuma analalamika kwamba watu wengine hawajali muda wa wenzao. Jana ningemuunga mkono!

Saa nne na dakika nne. Kondakta katoa ile fomu. Mistari yangu, nafasi zangu, hata pale rula ilipoteleza wamepachapisha hivyo hivyo. Kituo kajaza. Saa kajaza. Sasa anataka jina kamili la mhusika. Nimemwambia aandike karani wa shule. Kaniambia fomu haikubali.

Honi ya kwanza imelia. Kivuko kimeanza kusogea, taratibu, taratibu mno. Dereva kawasha injini. Kondakta karudia swali lake kwa sauti, na mama kalisikia kule ukutani. Anamtajia yeye mwenyewe. Jina langu, la baba yangu, la babu yangu, polepole ili asikosee kuandika. Kisha anamwambia, na safari hii sina mguu wa kumkanyaga:

"Ndiye mwanangu huyo. Ile barua ni yake."

Basi zima limenigeukia. Mguu wangu bado uko chini.