Usinijazie Kikombe

Nyumba ya Marehemu Baba Yako,
Ghorofa ya Pili, Mlango wa Kushoto.
Jumapili, tarehe 14 Machi.

Mpendwa mwanangu Mrefu,

Salamu nyingi kutoka kwa shangazi yako. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, umelala vya kutosha na umekula chakula cha moto, si mkate mkavu wa kula umesimama dirishani. Je, kile kikohozi kimekuachia? Na goti linasemaje? Mimi ni mzima. Nalala vizuri, nakula vizuri, na macho yangu yanaona hata yale ambayo watu wangependa nisiyaone.

Barua yako niliipata. Umeiandika vizuri, ila umesahau nukta mahali pawili, na mahali pamoja umesahau adabu. Ni pale ulipoandika kwamba wewe na dada yako mmeshakubaliana nihamie katika chumba cha nyuma nyumbani kwake mwisho wa mwezi huu, na kwamba dalali atatafuta wapangaji wa nyumba hii. Mmekubaliana na nani? Mimi nilikuwa hapa hapa, ghorofa ya pili. Ngazi hazijabomoka.

Najua kwamba nyumba ilikuwa ya kaka yangu, na kwamba hati sasa ina jina lako. Ndiyo maana nakuandikia wewe badala ya kugombana na dalali. Alipokuja kutazama vyumba alinizunguka kama mtu anayezunguka kabati. Neno lako ndilo atakalolisikia. Basi soma hadi mwisho kabla ya kushika simu, maana kwenye simu huwa unanikatiza.

Nianze na mkono, kwa kuwa ndio mshtakiwa. Mkono wangu wa kulia unatetemeka. Uliuona mwandiko wa barua iliyopita ukaogopa, na huu nao hautakufurahisha: herufi zimelala huku na huku kama wanafunzi baada ya chakula cha mchana. Hata hivyo, hakuna neno hata moja ambalo huwezi kulisoma. Daktari amenipima. Amesema ni mtetemeko wa uzee, utaongezeka polepole, hauui wala haupunguzi akili. Sikumwomba anibembeleze, naye hakunibembeleza.

Kilichowatisha ninyi ni ile siku ya wageni kwa dada yako. Mkuu wa kazi wa shemeji yako alikuwa ameketi karibu nami, amevaa suruali nyeupe. Nililetewa chai, kikombe kimejaa hadi ukingoni. Nikakiinua. Yaliyofuata unayajua, na suruali inayajua zaidi. Watu wakasema "si kitu, si kitu" kwa ile sauti ambayo watu huitumia wanapomaanisha kwamba ni kitu.

Tangu siku hiyo sikwenda popote. Nikialikwa kula, nilikuwa nimeshakula. Nikipewa chai, daktari alikuwa amenikataza. Barabarani mkono niliutia ndani ya mkoba kama mali ya wizi. Mlango ukigongwa, nilizima redio nikanyamaza. Dada yako akaona jinsi ninavyoishi, akakuandikia kwamba nimedhoofika. Hakusema uongo. Ila kilichodhoofika hakikuwa mkono.

Barua yako ilipofika, niliisoma mara ya kwanza nikaona kweli mambo yamekwisha. Nilikwisha hata kuanza kukunja mashuka. Kisha nikakasirika. Nikaketi, nikaisoma tena kama tulivyofundishwa kazini.

Unajua kwamba hadi nilipostaafu nilikuwa nikisahihisha prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kitabu kuchapwa, katika kiwanda cha uchapaji. Msimamizi wetu, mama mmoja mkali kuliko mimi (ndiyo, wamo), alitulazimisha kusoma kila ukurasa mara mbili. Mara ya kwanza tulianza juu kama watu wote. Mara ya pili tulianza mstari wa mwisho, tukapanda mstari kwa mstari. Alisema kwamba ukianzia juu, habari inakushika mkono na kukupitisha mbele ya kosa bila wewe kuliona. Ukianzia chini, kila mstari unalazimika kusimama peke yake na kujieleza.

Nikayasoma mambo yangu hivyo hivyo. Mstari wa mwisho unasema: Shangazi hawezi kukaa peke yake. Kwa nini? Kwa sababu hatoki, wala haonani na watu. Kwa nini hatoki? Kwa sababu anaogopa kumwaga chai mbele yao. Na chai inamwagika kwa nini? Hapo nikasita. Siku zote nilikuwa nikijibu kwamba ni kwa sababu mkono unatetemeka. Lakini mkono huu hutetemeka hata ninapojikuna kichwa, na hakuna kinachomwagika. Chai inamwagika kwa sababu kikombe kimejaa.

Mwanangu, nilicheka peke yangu pale jikoni. Mkono siwezi kuubadilisha. Kikombe ninaweza. Na mimi, mwanamke mzima, nilikuwa tayari kuhama nyumba kwa ajili ya nusu ya juu ya kikombe cha chai!

Sikungoja ujasiri upoe. Nilivaa viatu nikaenda mlango wa kulia, kwa jirani yetu Fundi Saa, yule uliyemmezea skrubu ulipokuwa mdogo. Mkewe alifungua, akashika kiuno.

"Kumbe upo! Sisi tulidhani umetununia."

"Niwanunie kwa lipi?"

"Tungejuaje? Mzee amekaa hapa anajihoji, labda ni ile saa yako aliyoichelewesha. Ingia, ingia, usisimame mlangoni kama mdai."

Akaleta chupa ya chai. Nilimwahi kabla hajamimina. "Nusu kikombe, mama. Mkono wangu unatetemeka, na sina nia ya kukufulia zulia."

Fundi Saa akaivua ile lenzi yake jichoni, akanitazama. "Miezi yote hii, Shangazi, ni hilo tu? Mimi masikio yangu yanasikia nusu. Huyu akiniita, mtaa mzima unaitika kabla yangu. Mbona natembelea watu?"

"Masikio yako hayana neno," mkewe akasema. "Unasikia unachotaka."

Nilikunywa nusu, nikaongezwa nusu. Chai kidogo iliangukia kisahani, na kisahani kiliwekwa pale kwa kazi hiyo. Hakuna aliyesema "si kitu". Lakini lile neno la kwamba walidhani nimewanunia lilinichoma kuliko suruali nyeupe. Nilikuwa najificha nisiwaaibishe, wao wakakaa wakitafuta kosa lao.

Jana Jumamosi dada yako alikuja na mumewe, wamebeba makatoni matupu ya kufungia vitu vyangu. Niliwakaribisha mezani. Dada yako akanyoosha mkono kuichukua chupa.

"Lete nimimine mimi, Shangazi."

"Kaa. Huku wewe ni mgeni."

Nilimimina kwa mikono miwili. Kila mtu nusu. Meza ililowa kidogo, nikaifuta. Shemeji yako akachungulia kikombe chake.

"Shangazi, sukari imepanda bei au mimi ndiye nimeshuka cheo?"

"Ukitaka nusu ya pili, sema. Hapa hatutozi faini."

Yeye alicheka. Dada yako hakucheka. Ni muuguzi; ameona wazee walioungua, nami namheshimu kwa hilo. Aliniuliza polepole, "Na sufuria la moto je? Ukiwa peke yako?"

Hilo lilikuwa swali la haki, na sikulijibu kwa jeuri. Nilimpeleka jikoni nikamwonyesha. Sufuria siliinui tena. Linabaki juu ya jiko na mimi nachota kwa upawa. Maji nachemsha kidogo kidogo. Kisu kirefu nimempa mke wa Fundi Saa, na mboga ngumu ananikatia yeye. Mimi namsomea barua zake za bima, maana zimeandikwa na watu wasiotaka kueleweka. Na kila asubuhi nagonga ukuta. Nisipogonga, wao wanagonga mlango, na ufunguo wanao.

Dada yako alikagua kila mfuniko kama yuko wodini. Mwisho akaketi kwenye kiti cha jikoni, akasema, "Mbona hukutuambia mapema?" Nikamwambia kwamba na mimi nimejua juzi tu. Hapo akalia kidogo. Nilimwacha alie, kisha nikampa kitambaa kile kile cha kufutia meza.

Makatoni hayakurudi yote matupu. Nimempa vikombe vyangu vyembamba vya maua. Mimi nimenunua vizito, vyenye mkono mpana wa kuingiza vidole vyote.

Sasa nije kwako. Katika barua hiyo hiyo uliandika, katikati ya mambo mengine kana kwamba nisingeona, kwamba huko ugenini, kazini, mchana unakula peke yako kwenye ngazi za nyuma, kwa kuwa lugha ya wenzako inakukwama na wao hawakupendi. Naona mkoba wa kufichia mkono umerithiwa. Mwanangu, ianze habari hiyo kutoka mstari wa mwisho. Hawakupendi: nani kasema? Huenda nao wamekaa pale mezani wakidhani umewanunia. Nenda ukaketi. Waambie maneno yanakukwama na waseme taratibu. Nusu ya maneno yakimwagika, kuna meza ya kuyapokea.

Nami sikudanganyi. Iko siku ambayo huenda nikakihitaji kile chumba cha nyuma. Siku hiyo nitakiomba mwenyewe, kwa mdomo wangu, na ninyi mtanipokea bila kunikumbusha barua hii. Lakini siku hiyo si mwisho wa mwezi huu. Mwambie dalali kwamba nyumba haipangishwi.

Nisalimie mkeo, na umwambie ule mtandio wake nauvaa hata siku zisizo na baridi. Mbusu mwanao Kidole, na umwambie bibi yake anataka picha ya pengo la jino. Fundi Saa anakusalimu na anauliza kama ile skrubu ilipatikana. Dada yako na shemeji yako wanakusalimu pia, ingawa mmoja wao bado anafuta machozi.

Mungu akulinde njiani na kazini, akupe usingizi mzuri, na akupe watu wa kula nao.

Ni mimi nikupendaye, nisiyehama,
Shangazi yako.

Tanbihi: Nilipokuwa nikitafuta bahasha, dalali alibisha kuuliza nahama lini. Nilimkaribisha chai, akasema ana haraka. Nikamwambia: "Kamuulize mwenye hati. Lakini ukija tena, piga hodi kisha ungoje uitikiwe, maana humu ndani kuna mtu."